Mwanangu anateleza kwenye theluji ya tableti

*Shangazi, shikamoo. Mwanangu ana miaka 9. Baba yake mdogo alikuja likizo kutoka Toronto akamwachia tableti yenye gemu ya Alto's Adventure, ya kijana anayeteleza milimani juu ya ubao wa theluji. Sasa kutwa ni hiyo tu. Juzi nimemkuta anateremka lundo la mchanga wa ujenzi wa jirani kwa sinia langu la pilau. Nataka kuifuta. Mume wangu anasema namwonea mtoto, na nitamuudhi ndugu yake. Gemu hii inamfaa kweli? Mama wa Tanga*

Marahaba, mwanangu. Sinia limepona?

Sikutaka kukujibu kwa kusikia, kwa hiyo niliipakua mwenyewe nikaicheza jioni tatu. Nakiri jioni ya tatu ugali uliungua.

Gemu yenyewe haina ubaya. Imetengenezwa hukohuko Toronto na studio inayoitwa Snowman, ikatoka mwaka 2015. Lama wametoroka zizini, na Alto anashuka mlima kuwakusanya. Ukigusa kioo anaruka, ukishikilia kidole anapinduka hewani. Akigonga jiwe anaanguka kwenye theluji basi, damu hakuna. Kuna wazee wa kijiji waliolala kando ya moto, ukiwaamsha wanakufukuza. Hapo nilicheka, maana wazee wa namna hiyo hata mtaani kwetu wapo. Muziki wake ni wa taratibu, jua linazama, mvua inanyesha. Nimeona katuni za asubuhi zenye vurugu kuliko hiyo.

Usitegemee sana namba ya umri unayoiona dukani kwenye simu. Hiyo hukueleza kama ndani mna matusi, damu au vitisho. Haikuelezi kama mtoto ataweza kuacha akiitwa kula. Na Alto hafiki mwisho wa mlima. Mlima hauishi, ndivyo ulivyoundwa, na juu yake kuna malengo 180 ya kutimiza. Kila mtoto ana "kimoja cha mwisho, mama", na huyu wako anavyo 180. Kwa hiyo usimpe dakika tu, mpe kituo anachokielewa: akianguka mara tano, tableti inarudi kabatini. Mtoto wa miaka 9 anajua kuhesabu hadi tano, na ataanza kuwa mwangalifu na mawe.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni pesa. Kwenye Android gemu hii ni ya bure, na cha bure kinajilipa kwa njia nyingine: matangazo, na sarafu za ndani zinazouzwa kwa pesa halisi. Tangazo hukulichagua wewe. Zima data na Wi-Fi anapocheza, inachezeka vizuri bila intaneti. Kisha ingia kwenye mipangilio ya Play Store, weka sharti la nywila kwa kila ununuzi, na nywila hiyo uijue wewe, si yeye. Kama shemeji yako aliacha kadi yake ya benki kwenye akaunti, mwambie aitoe leo.

Siku wakubwa watakapomwonjesha Riders Republic ya Ubisoft kwenye mashine ya gemu, jibu langu litakuwa jingine. Nayo ina mbao za theluji, lakini ni ya mtandaoni, anashindana na watu asiowajua, na ina duka la kuuza mavazi. Kwa miaka 9, bado.

Sasa, barua yako si ya gemu tu, ni ya mumeo na ndugu yake pia. Nadhani kilichokuuma ni kwamba kitu kimeingia nyumbani kwako bila kuulizwa. Una haki. Lakini ukiifuta, mtoto ndiye atakayeadhibiwa kwa kosa la wakubwa, na mumeo atapata cha kusemea. Mwambie hivyo, mtoto akishalala: zawadi ya kioo ipite kwetu wawili kwanza, hata ikitoka kwa ndugu yako. Shemeji aambiwe na yeye, si wewe.

Kuteremka mchanga sisi tulifanya kwa karara la mnazi, tena bila tableti. Mtafutie karara, umwombe jirani radhi, na sinia ulipandishe juu ya kabati.