Uliza Anti: Mfini kanuna au ndo alivyo?

Mwezi huu barua ni za kuhusu wageni tupu, na sishangai, msimu umepamba moto na Moshi mjini huwezi kwenda kununua vocha bila kukanyagwa na buti la mpanda mlima. Nimechagua za wale wanaochanganywa na Wamarekani na Wafini kwasababu wote hao nimekaa nao. Tampere, mji wa Ufini, niliishi kipindi marehemu mume wangu yuko masomoni, na dada yangu kaolewa Minnesota, Marekani, huwa namtembelea. Kwa wasioijua Ufini, ni nchi ya watu milioni 5.6 hivi kule juu kaskazini mwa Ulaya, na balozi wao hapa kwetu miaka ya 1970 alikuwa Martti Ahtisaari, huyo huyo aliyekuja kuwa rais wao na mwaka 2008 akapewa Nobeli ya Amani. Haya tuanze.

Anti shikamoo. Mi naongoza wageni mlimani. Juzi tulipanda na Wafini sita njia ya Machame, siku nzima ya kwanza napiga stori najibiwa "ndiyo", "sawa", basi. Kwenye hema la chakula wanaangalia supu tu. Nikamwambia mpishi hawa wamekasirika, akabadilisha menyu yote. Tumeshuka Mweka wametupa mkono wakasema ahsante, tipu ndogo, alafu mmoja anaandika maoni kwamba ndo safari bora ya maisha yake! Wiki ya nyuma nilikuwa na Wamarekani, siku ya pili tu wanajua mpaka jina la mama yangu. Shida iko wapi? – Wa Majengo, Moshi

Marahaba mwanangu. Shida haipo, mmemsumbua mpishi bure. Mfini akinyamaza mezani ujue anakula. Kule watu wawili wanapanda gari Helsinki mpaka Tampere, kama masaa mawili hivi, hakuna redio hakuna maneno, wanashuka kila mmoja anaona mwenzie ni mtu mzuri sana. Kituo cha basi wanasimama mbalimbali kama wamegombana. Kwao kumuongelesha mtu usiyemjua ni kumuingilia, kumuacha na mawazo yake ndo heshima, wakati Mmarekani ukimya kidogo tu anaona kuna kitu kimeharibika, lazima aujaze, atakuuliza jina, watoto wangapi, unashabikia timu gani, na hafanyi unafiki, ndo alivyolelewa kwamba mtu mwema anaanza yeye kusalimia.

Kwahiyo na Wafini usinyamaze kabisa ila usilazimishe. Waonyeshe msitu. Karibu robo tatu ya nchi yao ni miti, na sheria zao zinamruhusu mtu yeyote kutembea na kuchuma matunda pori na uyoga kwenye msitu hata kama ni wa mtu mwingine, jambo ambalo Mmarekani aliyezoea vibao vya "usiingie, mali ya mtu" hawezi kuliamini. Tembea nae bega kwa bega, mwonyeshe mti mmoja, taja jina lake, nyamaza. Atauliza mwenyewe. Na akisema "haikuwa mbaya" nenda kasherehekee.

Sasa tipu. Sikubaliani na wanaosema Wafini ni bahili. Kwao mhudumu wa mgahawa analipwa mshahara uliokubaliwa na vyama vya wafanyakazi, bei ya kwenye menyu imemaliza kila kitu, unalipa unaondoka hakuna anayekukata jicho. Marekani sheria ya nchi inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu wa tipu dola 2.13 kwa saa, ilimradi tipu zimfikishe kima cha chini cha 7.25, na hiyo 2.13 haijapanda toka 1991. Yapo majimbo yanalipa zaidi lakini Mmarekani kakua anajua asipoacha asilimia 15 au 20 mezani kamlaza mtu njaa, kwahiyo anapanda Kilimanjaro hela ya wagumu, wale wabeba mizigo, kaitenga toka kwao. Mfini hajui hata kama kuna kitu kinasubiriwa, na nyie mnasubiri mpaka Mweka ndo mnamzunguka mnaimba na kumkazia macho, mtu ambaye hapendi kutazamwa. Mwambie bosi wako aandike kwenye maelezo ya safari kabla hawajatoka kwao, mgumu kiasi hiki kwa siku, mpishi hiki, kiongozi hiki. Akiona imeandikwa atatoa kamili, na atahesabu mara mbili.

Anti mambo, samahani, shikamoo. Mi dereva wa safari Arusha. Nilizungusha familia ya Kimarekani Tarangire na Ngorongoro tukawa ndugu kabisa, baba mtu ananikumbatia uwanja wa ndege wa KIA ananiambia ukija Colorado kwangu ni kwako. Nimemwandikia anipe barua ya mwaliko niombe viza, kajibu na kikatuni cha tabasamu, alafu kimya. Kuna mzee wa Kifini nae nilimzungusha, hata jina langu nilijua hajalishika, mwezi wa 10 kaja mgeni mwingine toka kwao na darubini mkononi ya kunipa mimi, mzee kaituma kwasababu aliona ile ya kwangu ina ufa. Sasa rafiki ni nani hapo? – Chalii wa Ngarenaro

Marahaba chalii wangu. Wote marafiki, ila wa kwanza ulimsikia vibaya. Ukipita kwa jirani yuko na sahani anakwambia karibu chakula, na wewe unajibu ahsante nimetoka kula sasa hivi wakati toka asubuhi hujatia kitu mdomoni, na hakuna aliyemdanganya mwenzie. Ya Mmarekani ndo hiyo. Siku ile KIA alikupenda kweli kabisa, na akikukuta Colorado barabarani atakukumbatia tena, lakini hakukupa ratiba. Mwaliko wao una tarehe ndani yake: njoo sikukuu yetu ya Shukrani mwezi wa 11, ntakuja kukupokea, hii hapa anwani. Bila hivyo ni ukarimu wa mdomoni na wala sio dhambi. Dada yangu siku anahamia mtaa wake kule majirani walimletea keki mlangoni, toka hapo hawajawahi kukaa sebuleni kwake na bado wanapungiana mikono kila asubuhi.

Mfini maneno kama hayo hayatoi kabisa, mana akiyatoa imeshakuwa ahadi. Akisema anakuja saa 4, saa 4 kasoro dakika tano yuko nje anazungukazunguka asije akagonga mapema. Huyo mzee jina lako kalishika vizuri sana, vinginevyo darubini isingekufikia. Mwandikie mistari miwili ya shukrani na picha moja ya chui uliyemuona kwa hiyo darubini, usimuombe kingine. Na Mmarekani mwandikie pia, habari za watoto tu, barua ya mwaliko iache, utaona atakavyojibu.

Anti, naandika toka ofisi ya utalii Sakina. Mgeni kajaza fomu anafika 7/8. Bosi anasema Agosti mi nasema Julai. – Katibu

Angalia uraia. Mmarekani anaanza na mwezi, hiyo ni tarehe 8 Julai. Mfini anaanza na siku kama sisi, tarehe 7 Agosti, na mara nyingi anaweka nukta badala ya mkwaju. Mjibu kwa kuandika jina la mwezi, yaishe. Na Mmarekani akisema begi lina 33 msianze kupiga kelele za mzigo kuzidi, anaongelea ratili, hapo ni kilo 15.

Shikamoo Anti. Nalea mtoto kwenye familia ya Kifini huku Usa River. Mama yake akimaliza kumnyonyesha anamlaza kwenye kigari anakisukuma barazani, na hii baridi ya mwezi wa 7, mtoto analala huko mpaka masaa mawili. Nikimuingiza ndani naambiwa kwa upole nimtoe. Majirani wananisema mimi. Mwanzo nilikuwa kwa Wamarekani Njiro, wale mtoto hatoki hata bustanini bila mtu kumshika. – Dada wa kazi

Marahaba mwanangu, pole na majirani. Baridi ya Usa River kwa huyo mama ni kiangazi. Tampere, theluji imejaa, nilikuta vigari vimepangwa nje ya mgahawa, vitoto vimefunikwa mpaka kidevuni vimelala mashavu mekundu, mama zao ndani wanakunywa kahawa wanachungulia dirishani, na mimi nimesimama pale nalinda watoto wa watu nikisubiri mwizi atokee. Hakutokea. Wanaamini mtoto analala vizuri zaidi kwenye hewa safi. Na wakikua ni hivyo hivyo, mtoto anaanza shule mwaka anaotimiza miaka 7, wengi wanaenda na kurudi wenyewe kwa miguu funguo ya nyumba shingoni, na chakula cha mchana shule inatoa bure kwa wote toka 1948 kwahiyo hata kibegi cha chakula hana.

Wamarekani wako wa Njiro nao wana sababu zao, kwao ukiacha mtoto peke yake jirani anapiga simu polisi. Mwaka 1997 kuna mama wa Denmark, nchi yenye mila hiyo hiyo ya kigari nje, alimuacha mwanae nje ya mgahawa New York akiwa anamuona dirishani, akakamatwa na mtoto akachukuliwa siku kadhaa. Kesi hiyo iliongelewa dunia nzima.

Ila mimi hapo ningeongea na bosi wako, sio kuhusu baridi, kuhusu mbu na siafu, kule Tampere hakuna siafu wala malaria. Kigari kiwe na chandarua, na ukae karibu. Mwambie kavukavu, "hapa kuna siafu, nataka chandarua", hatokasirika, Mfini anapenda jambo lifike bila kupambwa. Yule wa Njiro ndo ungeanza kwa kumsifia mtoto alivyochangamka, alafu katikati unachomeka chandarua, unamaliza na sifa nyingine.

Shikamoo Anti. Mi Mchaga wa Marangu, mchumba wangu ni Mfini na mwezi wa 6 naenda kwao kujitambulisha. Nimeambiwa tutaenda kwenye nyumba yao ya ziwani na nitaingia sauna, kile chumba chao cha joto na mvuke, na baba mkwe. UCHI. Anti, mkwe! Rafiki yangu kaoa Mmarekani, yeye alichomewa nyama tu uani wakapiga picha. Nifanyeje, na nibebe zawadi gani? – Mkwe mtarajiwa

Marahaba baba, nimecheka mpaka machozi, ila nakuelewa, mimi mwenyewe mara ya kwanza na mama wa kanisani kule nilitaka kurudi Kibosho kwa miguu. Kwanza ujue sio uhuni na hakuna anayekuangalia. Sauna zao zinakadiriwa milioni tatu, nchi nzima watu hawafiki milioni sita, ziko kwenye maghorofa, ziko maofisini, na mwaka 2020 UNESCO imeziweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni. Tampere, mtaa wa Pispala, kuna ya umma inaitwa Rajaportti inafanya kazi toka 1906. Rais wao Urho Kekkonen mwaka 1960 alimkaribisha mkubwa wa Umoja wa Kisovieti, Khrushchev, wakakaa sauna usiku mpaka karibu na alfajiri. Kwahiyo baba mkwe anakupandisha cheo.

Inavyokwenda ni hivi. Wanaume zamu yao na wanawake zamu yao, wakiwa na wageni hawachanganyiki. Unaoga kwanza. Unachukua kitaulo, unatandika kwenye benchi la mbao ndo unakalia. Joto ni digrii 80 mpaka 100, kaa benchi la chini usijifanye shujaa. Mzee atamwaga maji kwenye mawe, mvuke utapanda utausikia masikioni, tulia unapita. Anaweza akajichapa na matawi ya mti wao wa birch, hajachanganyikiwa, na akikupa na wewe jichape. Alafu mnatoka mnajitosa ziwani, mnarudi tena. Usiulize bei ya nyumba. Mkae kimya, na katikati ya huo ukimya ndo atakuuliza swali lake moja, pengine wazazi wako wazima, au unampendea nini binti yake, ujibu kwa kifupi na ukweli. Baba mkwe wa Kimarekani maswali yake yote angeyamaliza pale kwenye jiko la mkaa, unafanya kazi gani, malengo yako nini, na mgongo kakupiga mara kumi. Marekani sauna nyingi ni za hoteli, wanaingia na nguo za kuogelea, isipokuwa kule Michigan ya juu na kaskazini mwa Minnesota walikohamia Wafini zamani, wajukuu bado wanazijenga.

Ukishindwa kabisa, mwambie mchumba wako mapema aongee nae, utaingia na taulo kiunoni na hakuna atakayekulazimisha. Lakini ushauri wangu ni uingie. Mababu zako Marangu hawaoni mpaka kule.

Mengine madogo: viatu unavua mlangoni, na soksi zisiwe na matundu. Ukipanga kulala usishangae, kipindi cha sikukuu yao ya kati ya kiangazi jua karibu halizami, beba kitu cha kufunika macho. Zawadi, mbege usibebe itakupasukia njiani. Beba kahawa ya mlimani kwetu, Wafini kwa kahawa ni kati ya wa kwanza duniani, karibu kilo 10 kwa mtu kwa mwaka, kazini mapumziko ya kahawa wameyaweka mpaka kwenye mikataba. Ila wanaipenda iliyokaangwa kidogo, hiyo nyeusi ya kupelekea watalii hawatoimaliza, kwahiyo mwambie anayekukaangia hapo Moshi aitoe mapema ikiwa bado ya kahawia, na akupe hata kilo mbili mana mama mkwe nae atawagawia dada zake.