Giardia kurudi baada ya Flagyl

Dada, umeuliza kama Flagyl uliyopewa ilikuwa feki kwa kuwa giardia, kimelea cha utumboni kinacholeta kuhara, imerudi ingawa ulimaliza dozi. Si lazima iwe feki. Metronidazo, yaani dawa iliyomo kwenye Flagyl, ukiimeza bado haina makali. Kimelea chenyewe ndicho kinachoiwasha. Ndani ya giardia kuna vimeng'enya vinavyoipa dawa elektroni, ndipo inageuka sumu na kuharibu vinasaba na protini zake. Wanabiolojia wanaochunguza usugu wameona kwamba baadhi ya giardia sugu hupunguza kazi ya vimeng'enya hivyo, hasa kile kiitwacho PFOR. Dawa inaingia ila haiwashwi. Kwangu hili ndilo jambo la ajabu kuliko yote kwenye mada hii.

Lakini kwanza fikiria kama umeambukizwa upya. Giardia ikiwa utumboni huhisi nyongo na upungufu wa kolesteroli, ishara hizo hupita ndani ya seli, nayo hujijengea ganda na kutoka na kinyesi. Ikiwa ndani ya ganda hilo huishi wiki kadhaa kwenye maji baridi, na klorini ya kawaida haiimalizi kwa urahisi. Chemsha maji ya kunywa, rudi ukapime choo, na wa nyumbani nao wapimwe. Ikionekana tena, daktari anaweza kukubadilishia kundi la dawa, mfano albendazo au nitazoksanidi. Usijiongezee Flagyl mwenyewe, tafadhali.