Mkuu, hiyo pete ya rubi usiilipie Jumamosi

Rudisha hela mfukoni. Hata ile laki moja ya kishika uchumba unayotaka kumtumia muuzaji leo ili asimpe mtu mwingine, usitume. Hakuna mtu mwingine. Kila duka la vitu vya kale lina huyo "mtu mwingine", na hajawahi kununua kitu.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mwenzetu ameona pete Mji Mkongwe, Unguja. Dhahabu, jiwe jekundu, ndani ina muhuri wa nanga na namba 15. Muuzaji anasema ni rubi ya asili, pete ya miaka ya 1920, iliachwa na familia iliyohama. Anataka milioni 2.2. Jiwe lina nyufa zinazoonekana kwa macho, ukingo mmoja umemeguka kidogo, na kucha mojawapo ya zile zinazoshika jiwe imelika. Anauliza kama bei ni sawa, kama nyufa zina shida, kama pete inaweza kupanuliwa imkae mchumba, na kama ni mkosi kumvisha mtu pete iliyovaliwa na mwingine.

Nitajibu yote. Tuanze na nanga, maana naona ndiyo iliyokulainisha.

Nanga ni muhuri wa ofisi ya ukaguzi wa dhahabu ya Birmingham, Uingereza. Hiyo 15 ni karati, yaani sehemu 15 kati ya 24 ni dhahabu halisi, asilimia 62.5. Waingereza waliruhusu kiwango hicho mwaka 1854 wakakifuta mwaka 1932. Kwa hiyo kama mihuri haijaghushiwa, pete yako ni ya kabla ya 1932 kweli, na pembeni yake utakuta herufi inayotaja mwaka wenyewe. Hapo muuzaji wako huenda hadanganyi hata kidogo. Na hapo ndipo mimi nilipoliwa, niliponunua pete kama hiyo.

Maana mimi sikwenda kichwa kichwa. Nilikwenda na lenzi yangu, nikasoma mihuri mmoja mmoja, nikalinganisha ile herufi na majedwali ya mtandaoni, kila kitu kikakubali. Nikajiona profesa. Nikamtazama muuzaji kwa jicho la mtu asiyetapeliwa, naye akanitazama kwa jicho la mtu aliyekwishapata hela ya karo ya muhula mzima.

Muhuri unapima dhahabu tu. Jiwe halijagongwa muhuri na mtu yeyote. Pete ya miaka mia imepita mikononi mwa watu wengi. Jiwe lake la kwanza linaweza kuwa lilidondokea kwenye karo la jikoni zamani, au liling'olewa likauzwa peke yake, au lilitolewa mwaka jana na mjanja anayejua kwamba pete ya kweli yenye mihuri ya kweli ni chambo kisicho na mfano. Yangu ilikuwa hivyo. Pete mzee, jiwe kijana kabisa.

Sasa hizo nyufa. Nilipomuuliza muuzaji wangu, alitabasamu akasema hizo ni alama za kuzaliwa, rubi isiyo na alama ndiyo ya kuogopa. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba maneno hayo ni sahihi. Rubi ya asili karibu zote zina kitu ndani. Na rubi safi kupita kiasi kwenye pete ya miaka ya 1920 inatia shaka, kwa sababu Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza mwaka 1902 njia ya kuyeyusha unga wa alumina kwenye mwali wa moto na kukuza rubi ya kiwandani, na masonara wa Ulaya wakazipachika kwenye pete kwa wingi. (Kwa hiyo huyo wako aliyekwambia "enzi hizo hakukuwa na feki" anakufunga kamba. Zilikuwepo tele.) Ndiyo maana nilimwamini mtu wangu: nilichokuwa nimekisoma na alichokuwa anakisema vilifanana.

Ambacho hakusema ni hiki. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 sokoni kuna rubi zilizojazwa kioo. Wanachukua jiwe la hali ya chini kabisa, limejaa nyufa, halipitishi mwanga, la kutupwa. Wanalisafisha kwa asidi, kisha wanalipika kwenye tanuru pamoja na kioo chenye madini ya risasi. Kioo kinayeyuka na kuingia kwenye kila ufa, na kwa kuwa kinapindisha mwanga karibu sawa na rubi yenyewe, nyufa zinafifia machoni na jiwe linang'aa. Kwa bei ya jumla vitu hivyo huuzwa dola chache tu kwa karati (kwenye vito, karati ni uzito, si ile ya dhahabu). Mimi nililipa milioni 1.8. Naomba mnaocheka mcheke kwa staha, nina familia.

Na majaribio alinifanyia! Aliliburuza jiwe kwenye chupa ya soda, chupa ikachubuka. Akawasha taa ya kukagulia noti, jiwe likawaka wekundu. Nusura nipige makofi. Kumbe rubi iko namba 9 kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs na kioo kiko kati ya 5 na 6, na jiwe lililojazwa bado lina rubi ya kutosha kuchubua chupa zote za kreti. Ile taa nayo, hata rubi ya kiwandani inawaka, tena mara nyingi kwa nguvu kuliko ya asili. Majaribio yote mawili yalikuwa ya kweli. Ila hayakupima kile nilichokuwa nakilipia. Halafu akatoa cheti chenye kibandiko kinachometameta, kimeandikwa "rubi ya asili", na namba ya simu chini. Namba hiyo nilikuja kuipiga baadaye. Alipokea mtu yuleyule, kwa sauti nzito kidogo.

Lakini yote hayo ni hasara ndogo. Sikiliza iliyonimaliza.

Mama watoto alijaribu pete ikagoma kwenye kifundo cha kidole. Na kucha moja ilikuwa imelika, kama yako. Nikaipeleka kwa sonara tunayemjua tangu enzi za baba, mzee mtulivu, anafanya kazi huku redio inaongea peke yake. Akaishika, akaigeuza, akaniuliza, "Mwanangu, hili jiwe unalijua?" Nikamtolea cheti. Akasema anaona bora alitoe kwanza, lakini kucha zimechoka, nyingine zinaweza kukatika, gharama itaongezeka na kazi itachukua muda. Mimi nilikuwa na sherehe mbele yangu. Nikamwambia, "Mzee wewe chomelea tu, rubi haiogopi moto." Na rubi kweli haiogopi! Rubi nyingi zinazouzwa duniani zimechomwa kwenye tanuru ili rangi yake ikae vizuri. Ukweli nusu tena, safari hii nikajilisha mwenyewe.

Akapanua, akachomelea kucha kwa tochi ya gesi, pete ikapoa, akaitumbukiza kwenye asidi yake ya kusafishia weusi wa moto, kama masonara wote wanavyofanya. Alipoitoa hakusema kitu. Aliisogeza tu mezani upande wangu. Jiwe lilikuwa limejaa utandu mweupe, kila ufa umefunguka, na juu yake kuna vitone vya kioo vilivyotoka jasho vikagandia pale. Rangi imekufa. "Hii ni chupa imeshikishwa na vipande vya rubi," akasema, "au rubi imeshikishwa na chupa. Mwanangu, sijui nikuandikie risiti ya nini."

Nikarudi dukani nimewaka. Sasa mkuu, shika hapa, maana hapa ndipo pa kujifunzia kwangu. Muuzaji hakunitukana, hakunikimbia. Alilitazama jiwe kwa huruma kabisa, akatingisha kichwa: "Pole sana kaka yangu. Fundi wako kaiunguza rubi nzuri." Nifanyeje? Ushahidi wote niliuchoma kwa idhini yangu. Kabla ya moto ningeweza kuipeleka popote, wakaniandikia kwamba limejazwa kioo, nikarudi na karatasi. Baada ya moto ni neno langu na neno lake, tena kuna fundi wa kusingiziwa. Na akathubutu kunipa namba ya fundi "anayeelewa mawe ya kale". Yule mtu ana kipaji, angegombea ubunge angepita.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na nitaiandika kwa herufi kubwa: HAKUNA HELA, HAKUNA MOTO, mpaka jiwe lionwe na mtu asiyekula kitu kwenye mauzo hayo. Kwa "asiyekula kitu" namaanisha asiwe fundi wa muuzaji, asiwe jirani wa muuzaji, asiwe huyo mjomba anayetokea ghafla dukani na lenzi shingoni, na asiwe mtu aliyepatikana kwa namba iliyoandikwa kwenye cheti. Anayetaka kukuuzia la kwake pia anakula: atalipondea hilo zuri ili uende kwake. Unamlipa ada yake ya kuangalia, iwe jiwe ni zima au bovu, basi. Arusha kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania, kiko chini ya Wizara ya Madini, wanafundisha utambuzi na ukataji wa vito. Anzia kuulizia huko, hata kama ni kupata jina la mtu aliyesomea na anayefanya kazi karibu nawe.

Mwambie muuzaji hivi: hela yote ipo, naiacha kwa mtu tunayemwamini sote, pete inaenda kupimwa, ikirudi safi unachukua hela. Anayeuza rubi ya kweli ya milioni mbili hana sababu ya kukataa. Wangu angekataa, ila mimi sikumuuliza.

Na wewe mwenyewe, kabla hujamsumbua mtaalamu, nunua lenzi ya kukuza mara 10. Usiangalie kama nyufa zipo, zipo, umeshasema. Angalia ndani ya nyufa. Likalishe jiwe chini ya taa na ulitikise taratibu: ukiona mimweko ya bluu inapita ndani ya ufa, au vipovu vya hewa vya duara vimebanwa humo, funga mjadala, rudisha pete, toka dukani, usibishane. Kama pete imezibwa nyuma ya jiwe, usijipe moyo kwa unachokiona mbele, maana huko nyuma kunaweza kuwekwa chochote. Na usikubali mtu "alioshe kidogo kwa limau ling'ae". Limau tu linatosha kukila kile kioo. Ingawa sasa nikifikiria, kama ni la kwake na hujalipa, mwache aoshe.

Wewe uliyemshauri hapo juu achukue zumaridi kwa kuwa "zumaridi haichezewi": kaka, zumaridi ndiyo inayopakwa mafuta kwenye nyufa tangu zamani, na ukiitia kwenye zile mashine za kuoshea kwa mtetemo inaweza kutoka imepauka na nyufa zake nje. Na yule anayetangaza pete ya tanzanaiti "ya mwaka 1940, urithi wa bibi", naomba awaeleze watu bibi aliitoa wapi, kwa sababu jiwe hilo lilijulikana Mirerani mwaka 1967. Nimekaa kimya kwenye nyuzi nyingi, leo siwezi.

Haya, mleta uzi. Ukingo uliomeguka: ni hoja ya kushushia bei, jiwe likishathibitika. Ufa unaofika juu ya uso wa jiwe ni hatari ukigongwa, hasa kwa pete ya kila siku, kwa hiyo mtaalamu akuonyeshe unaelekea wapi. Kama uso wote wa jiwe umejaa mikwaruzo, jiulize maswali, maana mavumbi yetu yana mchanga wa ugumu wa 7 ambao huchubua kioo lakini hauiwezi rubi. Kucha iliyolika ni kazi ndogo kwa sonara yeyote mzuri, ila ni kazi ya moto, na kuhusu moto nimeshasema. Kupanua vilevile. Jiwe litoke kwanza, hata kama fundi anasema si lazima, hata kama sherehe ni kesho.

Mkosi sijui. Dhahabu ya pete yangu niliiuza kwa uzito, ilikuwa dhahabu ya kweli ya karati 15 kama muhuri ulivyosema, na jiwe mwanangu mdogo analichezea kwenye kibuyu chake cha gololi.

Tuma picha ya mihuri ya ndani, iliyo karibu na isiyo na ukungu, nikusomee herufi ya mwaka. Ya jiwe usijisumbue. Kwa picha ya simu hata mimi naweza kukuuzia chupa.