Dawa ya Parkinson ina saa zake

Wadogo zangu mnaoanza zamu wodini, naanza na kosa langu. Mzee wa kwanza niliyemhudumia mwenye Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoufanya mwili uwe mzito na mara nyingi utetemeke, alilazwa kwa nimonia, akaingia kwa miguu yake. Siku ya tatu hakuweza hata kujigeuza kitandani. Tukaandika kwenye faili kuwa hali inazidi kuwa mbaya. Mkewe ndiye aliyeniuliza, "Mwanangu, ile dawa yake ya saa kumi na moja alfajiri mnampa saa ngapi?"

Tulikuwa tukimpa saa tatu asubuhi, pamoja na wodi nzima.

Levodopa, ndiyo dawa yenyewe ya Parkinson, haikai mwilini muda mrefu. Aliyeugua miaka mingi, dozi ikichelewa kidogo tu anakakamaa, anashindwa kumeza, sauti inapotea. Kwa hiyo "kutwa mara tatu" haitoshi. Mpokeapo mgonjwa, waulizeni wa nyumbani saa kamili za kila kidonge, mziandike zilivyo. Apewe nusu saa hivi kabla ya kula, maana nyama, maharage na maziwa hugombania njia na dawa hiyo kwenye utumbo. Akishindwa kumeza, msiruke dozi mkasubiri raundi ya kesho. Mwiteni daktari saa hiyo hiyo. Kuikatisha ghafla kunaweza kuleta homa kali na ukakamavu unaoua.

Akitapika, mkono usikimbilie metoklopramidi. Akiweweseka usiku, usikimbilie haloperidol. Zote mbili huziba njia za dopamini, kemikali ya ubongo inayousaidia mwili kusogea, na dopamini ndiyo iliyopungua kwenye ubongo wake.

Kuna jambo la upupu pia. Mkisikia familia inampa unga wa mbegu zake, msiwakemee, kwani mbegu hizo kweli zina levodopa. Ulizeni anapewa kiasi gani na mwambieni daktari, kwa sababu ikijumlishwa na vidonge dozi huweza kupita kiasi.

Miguu ikiganda mlangoni, msimvute, mtaanguka wote. Mwache asimame kwanza, kisha mhesabie moja, mbili, au weka mguu wako mbele yake auvuke. Nyumba moja niliyotembelea, mjukuu alikuwa amechora mistari ya chaki kutoka kitandani hadi chooni, na babu akawa anaivuka mmoja mmoja bila kushikwa. Sijaona kifaa cha bei rahisi kuliko hicho.

Utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulipata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa wanaumwa nini. Basi msishangae mzee akiletwa kwa jina la uzee tu, au la kurogwa. Si wote wanaotetemeka. Wengine wamekuwa wazito tu, na uso hauonyeshi furaha wala uchungu, hata ndugu wakadhani amewakasirikia. Muulize swali moja, kisha nyamaza umpe muda. Jibu linakuja, polepole na kwa sauti ndogo, na mara nyingi binti yake ameshajibu kwa niaba yake. Mwombeni binti asubiri.