Kabla ya kuomba fedha za utafiti, mjue anayesubiri jibu

Vijana wanaojiandaa kuomba fedha za utafiti wa afya huniletea maandiko yao niyapitie. Huwa naanzia kwenye bajeti. Nakuta fedha za maabara, mafuta ya gari, posho za wadodosaji, kisha mwishoni kabisa kifungu chembamba kimeandikwa "kusambaza matokeo". Ukiuliza ni nini hicho, unaambiwa ni warsha ya siku moja katika hoteli hapa Mwanza mjini. Nimeifanya kwa miaka mingi kazi ya kuwaunganisha watafiti na wananchi huku Kanda ya Ziwa, na kifungu hicho kinanisumbua kuliko kingine chochote.

Wengi wanadhani mfadhili huanza kusaidia matokeo yatumike baada ya ripoti kutoka. Mimi nimeona msaada wake mkubwa ukija mapema zaidi, pale anapokubali kulipia swali ambalo kuna mtu tayari anahangaika kulitafutia jibu.

Chukua chanjo ya HPV, ile ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, dozi mbili kwa wasichana wa miaka 14. Mtu yeyote aliyewahi kufuatilia dozi ya pili anajua ugumu wake: binti amehama shule, amekwenda kwa bibi yake Ukerewe, au chanjo yenyewe haipo. Kwa hiyo swali la kama dozi moja inatosha lilikuwa swali la wizara na la muuguzi wa zahanati kwa pamoja. Utafiti wa DoRIS uliofanyika hapahapa Mwanza kuanzia 2017, ukiwa na wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, ulilinganisha dozi moja, mbili na tatu. Waliotoa fedha ni pamoja na serikali ya Uingereza, Wellcome, na taasisi ya Bill na Melinda Gates. Mwisho wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilikubali ratiba ya dozi moja, likitumia ushahidi wa hapa pamoja na wa kwingine, ukiwemo wa Kenya ambako Kisumu ilishiriki. Aprili 2024 Tanzania ikahamia dozi moja. Sijui mifano mingi ambayo jibu lilitoka Mwanza likazunguka hadi Geneva, yalipo makao makuu ya Shirika la Afya Duniani, na kurudi kwenye mkono wa binti wa Magu kwa muda mfupi namna ile. Liliwezekana kwa sababu wenye kuamua walikuwa wanalingoja.

Ushauri wangu wa kwanza ndio huo. Kabla hujaandika neno, nenda ukaketi na Mganga Mkuu wa Halmashauri na timu yake, umuulize ni uamuzi gani unamkwaza. Rudi naye kwenye andiko. Wafadhili wengi sasa wanataka kuona jina la mtumiaji wa matokeo na nafasi yake katika mradi, na barua ya kuunga mkono iliyosainiwa haraka siku ya mwisho haiwadanganyi.

Pili, omba fedha za kupima gharama. Utafiti uliofanyika wilaya ya Misungwi, hapa mkoani Mwanza, ulilinganisha aina nne za vyandarua vyenye dawa, kwa sababu mbu walikuwa wameizoea dawa ya kawaida. Vile vilivyoongezewa klorofenapiri, dawa ya aina nyingine ya kuua mbu, vilipunguza malaria kwa watoto kwa asilimia 44 katika miaka miwili, vikilinganishwa na vya kawaida. Matokeo yalichapishwa 2022, na Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likapendekeza vyandarua hivyo. Lakini chandarua hicho kina bei ya juu, na mpangaji wa bajeti angeuliza mara moja: fedha hizo zitarudi vipi? Watafiti walikuwa wamekwisha kupiga hesabu ya gharama na faida ndani ya utafiti uleule, wala hawakuiacha hadi wapate fedha nyingine. Mchumi wa afya akikosekana kwenye andiko lako, mtafute.

Kalenda nayo ina nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai mosi, na halmashauri huanza kupanga miezi mingi kabla. Ukileta matokeo mazuri Juni, umekuta fedha zimeshagawanywa. Mwombe mfadhili ruhusa ya kutoa matokeo ya awali kwa wapangaji hata kama makala ya jarida bado inahaririwa. Wengi hukubali, ila lazima uombe, na uzingatie taratibu za vibali vya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu.

Ukitaka kuona mfadhili aliyekwenda mbali zaidi, soma kuhusu TEHIP, mradi wa Wizara ya Afya na IDRC, kituo cha Kanada kinachofadhili utafiti wa maendeleo, katika wilaya za Rufiji na Morogoro miaka ya 1990 na kuendelea. Wilaya zilipewa takwimu za magonjwa yanayoua watu wao, zikiwa zimechorwa kwa michoro rahisi, pamoja na nyongeza ya fedha isiyozidi dola 2 kwa kila mkazi ili zipange upya zenyewe. Vifo vya watoto vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40 katika miaka michache.

Sasa niseme linaloniuma. Kuna kisiwa ambako watu walitoa choo na mkojo kwa utafiti wa kichocho, wakajaza fomu, wakasubiri, na hakuna aliyerudi. Mwenyekiti wa kitongoji aliniuliza mbele ya wavuvi pale mwaloni, "Mlichokipata mlikipeleka wapi?" Fedha za mrejesho zilikuwa zimehamishiwa kwenye matengenezo ya gari. Tangu hapo mradi wowote ninaoshauri huweka mrejesho wa kijiji katika kifungu chake, kikiwa na boti, mafuta, vipaza sauti na siku za kutosha, na tunamwandikia mfadhili kwamba kifungu hicho hakihamishwi bila idhini yake. Afisa mmoja wa mfadhili alilipokea pendekezo hilo kwa furaha akaliingiza kwenye mkataba.

Na mrejesho huo ufanyike wakati wavuvi wapo. Siku za mbalamwezi wavuvi wa dagaa huwa nchi kavu, kwa kuwa taa zao hazivuti samaki. Panga mkutano hapo, na uje na mtu wa halmashauri, kwa sababu swali litakaloulizwa ni dawa itafika lini, nalo si la mtafiti kulijibu peke yake. Tangu 2022 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa ya kichocho iwafikie wote kuanzia umri wa miaka miwili pale maambukizi yanapofika asilimia 10, si wanafunzi tu. Wavuvi wakilisikia hilo, watamtaka mtu wa halmashauri aseme kama lipo kwenye mpango wa mwaka ujao.