Kijana mrefu aliyeanza kikapu juzi: ninavyompima kabla ya kumpigia simu kocha wa chuo

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kujibu. Una kijana wa darasa la 11 hapa Marekani, futi 6 na inchi 9, ana mwaka mmoja na nusu tu tangu aanze kucheza kikapu. Mechi moja anafunga pointi 18 na kubloku (kuzuia hewani) mitupo 7, inayofuata anatoka na pointi 2 na fauli 5 ndani ya dakika 11. Unauliza kama anafaa kwenda kucheza chuo, na umpime vipi ili urefu wake usikudanganye.

Nilikuwa msaidizi wa kocha katika chuo kidogo kwa miaka 9, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kumbi za shule za sekondari nikitazama vijana. Wapo niliowapatia, na yupo mmoja niliyemkosea vibaya. Nianze na huyo.

Alikuwa na futi 6 na inchi 8, na akiruka kiwiko kinalingana na ringi. Usiku niliomwona alidanki (aliutumbukiza mpira kwa mkono toka juu ya ringi) mara nne, moja juu ya watu wawili, ukumbi mzima ukasimama. Nilimwandikia bosi wangu usiku uleule kwamba tumepata mtu. Nilichokiona kwa macho yangu lakini sikutaka kukipa uzito ni hiki: mara tano alirushiwa pasi kali au ya chini, usawa wa magoti, na mara nne mpira ulimponyoka. Kwenye daftari niliandika neno moja tu, "atazoea". Hakuzoea. Tulimfundisha miaka miwili, asubuhi na jioni, lakini mikono ilibaki ileile. Chuoni pasi zinakuja haraka zaidi na nafasi ni finyu, kwa hiyo magadi wetu, wale wachezaji wanaoongoza mpira, waliacha kumpasia. Mchezaji mrefu asiyepewa mpira huacha kukimbia, na asiyekimbia hukaa benchi. Aliondoka mwisho wa mwaka wa pili akiwa hajiamini tena. Mimi ndiye niliyekaa sebuleni kwa mama yake na kumwambia mwanao atafika. Hilo bado linaniuma.

Tangu hapo naanza na mikono. Fika ukumbini dakika 40 kabla ya mechi, wakati wanapasha misuli, maana hapo hakuna kelele wala matokeo ya kukuvuruga. Angalia anavyodaka: je, mpira unatua kwenye vidole au unagonga viganja na kutoa mlio? Anadaka akiwa anatembea, au lazima asimame kwanza? Pasi ikija mbaya, macho yanaufuata mpira mpaka mkononi au yameshaenda kwenye ringi? Kuruka na kasi vitakuvutia bila kuvitafuta. Mikono ni lazima uitafute mwenyewe.

Halafu miguu. Muulize alicheza mchezo gani kabla ya kikapu, swali ambalo watu wengi hawaulizi kabisa. Chukua nyota wa NBA, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani: Hakeem Olajuwon alikuwa akicheza mpira wa mikono na mpira wa miguu Lagos. Alianza kikapu akiwa kijana mkubwa, akaingia Chuo Kikuu cha Houston mwaka 1980, na ile miguu iliyowazungusha mabeki wa NBA haikuanzia kwenye kikapu. Tim Duncan alikuwa muogeleaji, akahamia kikapu baada ya kimbunga Hugo cha mwaka 1989 kuharibu bwawa la kisiwani kwao. Joel Embiid alitoka kwenye voliboli. Kijana wa namna hiyo ni mbichi kwenye kikapu tu, ila mwili wake umeshajifunza kusimama, kugeuka na kusoma mpira ulio hewani. Yule ambaye hajawahi kucheza chochote safari yake ni ndefu zaidi, na ni haki aambiwe.

Muulize pia alirefuka lini. Anthony Davis aliongezeka karibu inchi 8 akiwa sekondari, kutoka gadi mpaka kuwa mtu wa chini ya ringi, na ujuzi wa gadi akabaki nao. Kijana aliyerefuka mwaka jana huonekana mzito na asiye na mpangilio kwa sababu bado anaizoea miguu mipya, na hilo hupona lenyewe. Ila hakikisha na tarehe ya kuzaliwa. Mwenye miaka 19 anayewatawala wa miaka 16 anaweza kuwa anakuonyesha umri wake tu.

Sasa jambo lenyewe, ambalo ningependa ulishike kuliko mengine yote. Kijana mbichi usimpime kwa kumwona mara moja. Nenda mara mbili, katikati ziwepo wiki tano au sita, na unachopima ni kilichobadilika.

Nikupe mfano. Kijana wa pili ninayemkumbuka alikuwa na wastani wa pointi 7 kwa mechi, namba ambayo haimfanyi kocha wa chuo apande gari. Mechi ya kwanza niliyomwona, kila akipata ribaundi, yaani mpira unaorudi baada ya mtupo kukosa, alikuwa anaushusha mpaka kiunoni. Gadi mmoja mfupi wa wapinzani akaligundua hilo, akampokonya mara tatu ndani ya robo moja. Kocha wao akaomba muda. Nilikuwa nimekaa karibu na benchi, nikamwona akiweka ngumi mbili chini ya kidevu cha kijana, bila maneno mengi. Wakarudi uwanjani. Ribaundi iliyofuata kijana akauleta mpira kidevuni, viwiko nje. Ile ya baada ya hapo akasahau, akaushusha, akapokonywa tena. Akajipiga paja kwa kiganja, na wakati anakimbia kurudi kukaba mikono yake ilikuwa chini ya kidevu, mitupu, anairudia ile hali peke yake. Nilirudi baada ya wiki tano. Alichukua ribaundi 11, na mpira ulishuka chini ya kidevu mara moja tu. Pointi alifunga 6. Tulimchukua kwa sababu ya mikono ile mitupu, na hatukujuta.

Kwa hiyo tazama anavyopokea maelekezo. Akitolewa nje anakaa wapi: karibu na makocha au mwisho wa benchi akiwa na taulo kichwani? Akiambiwa jambo anamwangalia anayemwambia? Kosa lilelile linajirudia mara ngapi ndani ya mechi moja?

Hizo fauli 5 ndani ya dakika 11 zisikutishe mpaka uzigawe kwa aina. Kama mshambuliaji akitishia tu kurusha yeye ameshapaa, hiyo ni haraka ya mtu mgeni, na mazoezi huipunguza. Kama anafauli kwa sababu miguu imechelewa na mkono unatumwa kufanya kazi ya miguu, hapo kuna kazi ngumu. Kumbuka mechi ya sekondari kwa kawaida ni dakika 32 na ya chuo ni 40, lakini fauli za kukutoa ni tano kotekote. Asipojifunza kukaba bila kuruka hovyo, kocha wa chuo hatapata nafasi ya kuona mazuri yake.

Kwa upande wa kurusha, usipoteze muda na mitupo ya mbali anayopiga akiwa anajichezea. Kaa nyuma ya ringi utazame mitupo huru. Futi 15, hakuna anayemkaba, kwa hiyo unaona mkono wake ulivyo hasa. Akikosa mbele au nyuma lakini mstari umenyooka, ni suala la nguvu na kurudiarudia. Akikosa kushoto, kisha kulia, kisha kushoto, umbo la mtupo lenyewe bado. Mimi namchukua anayepata 11 kati ya 20 kwa umbo lilelile kila mara, namwacha anayepata 14 kwa maumbo matano tofauti.

Na zile pointi 18, uliza alizifunga dhidi ya nani. Sisi tunaoongea Kiswahili tuna mfano wetu na unastahili kusemwa kwa heshima. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam, akawa mbabe wa kubloku pale Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009, timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya, Memphis wakamchagua namba 2, mbele ya James Harden aliyekuwa wa 3 na Stephen Curry wa 7. Hakuna Mtanzania aliyefika NBA kabla yake. Lakini kule juu wastani wake uliishia pointi 2.2 kwa mechi. Ninavyoona mimi, urefu ni faida inayopungua kila unapopanda ngazi, kwa sababu huko juu kila timu ina warefu wake. Kama kijana wako alifunga 18 mbele ya senta wa futi 6 na inchi 2, tafuta mechi aliyokutana na wa futi 6 na inchi 8, hata kama alifungwa. Hiyo ndiyo ya kutazama.

Sasa hali ya sasa, na hapa usimfiche kijana wala wazazi wake. Zamani chuo kilikuwa na subira zaidi. Pascal Siakam alikaa msimu wake wa kwanza katika chuo cha New Mexico State bila kucheza, akifanya mazoezi tu, na mwaka 2016 akachaguliwa wa 27 kuingia NBA, mwaka 2019 akawa bingwa wa ligi hiyo na Toronto. Siku hizi wachezaji wanahama chuo hadi chuo kwa urahisi, tangu sheria zilipolegezwa mwaka 2021 na tena 2024. Kocha anayehitaji kushinda mwaka huu anachukua mtu wa miaka 22 aliyekwisha iva, tena anaogopa kumlea mbichi miaka miwili halafu chuo tajiri kije kumchukua. Kwa hiyo kijana wako anaweza kuambiwa aanzie chuo cha miaka miwili, au aongeze mwaka mmoja kwenye shule ya maandalizi ya kuingia chuo. Si matusi. Mwulize kocha yeyote anayemtaka swali moja tu: mwaka wa kwanza nani atafanya naye mazoezi, na mara ngapi kwa wiki? Akijibu kwa ahadi za jumla, endelea kutafuta.

Nimeacha karatasi za shule mpaka hapa ila ndizo za kushughulikia wiki hii hii. Kwa daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, anahitaji masomo ya msingi 16 ya sekondari, na 10 kati ya hayo awe ameyamaliza kabla ya kuanza mwaka wa mwisho wa sekondari, yakiwemo 7 ya Kiingereza, hesabu na sayansi, na wastani wa alama usiopungua 2.3 kati ya 4.0 kwenye masomo hayo ya msingi. Yeye yuko darasa la 11, maana yake dirisha hilo linafungwa mwaka huu. Nimeona kijana mwenye mikono mizuri kuliko wote niliowahi kuwatazama akikwama kwa somo moja la hesabu ambalo hakuna mtu mzima aliyelifuatilia. Nenda kwa mshauri wa masomo shuleni kwao, uombe orodha ya masomo aliyofanya, ukae na mzazi wake muihesabu.

Ukiwa na video nitumie, nitaitazama kwa moyo wote. Usinitumie vipande vya kudanki. Nataka ile mechi ya pointi 2, nzima, pamoja na dakika alizokaa benchi kama kamera ilimfuata.