Mota ya gurudumu inachemka kwenye kilima: nilivyofunga mota ya gia kwenye kinga (baiskeli) yangu hapa Bukavu

Ndugu uliyeuliza jana, nimesoma swali lako mara mbili. Unasema umefunga kinga yako mota ya ndani ya gurudumu la nyuma, wati 350, volti 36. Kule chini kandokando ya ziwa inateleza vizuri, lakini ukianza kupanda Kadutu na mzigo inalia, inapunguza, mwisho inakatika, na ukiigusa inaunguza mkono. Muuzaji anakwambia ununue ya wati 1000, tena anaapa kwamba hiyo yako "ina gia ndani", kwa hiyo shida siyo gia. (Kwa wenzetu wa Dar na Mombasa: kinga ndiyo baiskeli, huku tunaita hivyo.)

Muuzaji hadanganyi, ila anakuchanganya. Ndani ya mota yako kuna gia kweli, vigurudumu vitatu vya nailoni vinavyopunguza mwendo wa mota karibu mara tano kabla haujafika kwenye gurudumu. Lakini hizo gia hazibadiliki. Panda, shuka, tambarare, ni ileile. Ni kama gari lililokwama kwenye gia ya tatu maisha yake yote. Na mota ya umeme ina tabia moja: ukiilazimisha izunguke nusu ya mwendo wake wa bila mzigo huku umefungulia umeme wote, nusu au zaidi ya umeme huo unageuka joto. Ndilo hilo linalokuunguza mkono. Ukiendelea hivyo, nailoni italainika, meno yatanyolewa, na siku hiyo utasikia mota inazunguka na gurudumu limesimama.

Mimi nilianza na hesabu baada ya kupoteza pesa, wewe anza nayo sasa. Mama watoto anauza sambaza (dagaa wa ziwa Kivu) soko la Kadutu. Alfajiri wavuvi wakitoka ziwani mimi niko kando ya maji na beseni, na kuanzia pale hadi sokoni ni kupanda tu. Moto (pikipiki, nisieleweke vibaya) ilikuwa inakula faida yote. Ndiyo maana nikaanza haya mambo.

Nilichukua mpira wa maji wa mafundi ujenzi, ule wa plastiki unaoonyesha usawa, nikaenda na kijana wangu kwenye kipande kinachonitesa. Mita 10 za barabara zinapanda mita 1. Watu walituangalia kama wapimaji wa serikali, mama mmoja akauliza kama nyumba yake inabomolewa. Sasa angalia: mimi nina kilo 68, kinga na betri zake 32, beseni la sambaza 20. Jumla kilo 120. Kwenye mteremko wa moja kwa kumi, dunia inakuvuta nyuma kwa sehemu ya kumi ya uzito wako, yaani kama kilo 12. Ongeza kilo 2 hivi za matairi kukwaruzana na barabara. Kwa hiyo gurudumu linatakiwa livute kilo 14 muda wote, bila kupumzika, mpaka juu. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani. Wati zitafuata.

Mota niliyonunua ni zile za brashi (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya mota) zenye sanduku la gia ubavuni, zimeandikwa MY1016Z, volti 36, wati 350. Sanduku linapunguza karibu mara 10, na mhimili unatoka na sproketi (kigurudumu cha meno) ya meno 9 inayokubali mnyororo wa kinga. Inatoa mizunguko 300 na kidogo kwa dakika. Kinga ya gurudumu la inchi 26 inasogea mita 2 na sentimita 7 kila mzunguko.

Kosa langu la kwanza: nilifuata picha za watu. Wote wanaweka sproketi ya pili upande wa kushoto wa gurudumu la nyuma, nami nikaweka ya meno 18. Mwendo ulitoka vizuri, kilomita 18 hivi kwa saa. Nguvu sasa: mota yangu ikifanya kazi yake ya kawaida bila kujiumiza, kwa meno 9 kwenda 18 gurudumu linavuta kilo 7. Nilihitaji 14. Yaani kila asubuhi nilikuwa naidai mota mara mbili ya uwezo wake, sawasawa na wewe unavyofanya. Kumbe mota ni ya aina nyingine, ugonjwa ni uleule.

Na mwanzoni hata huko sikufika, kwa sababu ya uzi (ile mikato ya skrubu). Hili liandike ukutani. Sproketi ya kulia ya kinga inakazwa na uzi wa kawaida, na kila ukikanyaga unazidi kuikaza. Ukichukua uzi uleule ukaupeleka kushoto, kila mota ikivuta inaifungua. Nilikuwa nimefika Nyawera siku ya kwanza, nikasikia kitu kinagonga tak-tak-tak, halafu mota ikaanza kuimba peke yake. Nilipoinama, sproketi ilikuwa imejifungua hadi imelala kwenye fremu, mnyororo umejikunja kama nyoka aliyepigwa. Na kama unafikiri utapeleka friwili ya kawaida (gia inayoshika upande mmoja na kuachia mwingine) upande ule, hapo ndipo hutasogea kabisa, maana inakamata upande wa kurudi nyuma na kuachia upande wa kwenda mbele. Mzee mmoja fundi wa Kadutu ndiye aliyenitoa: akatafuta haba (kitovu cha gurudumu) yenye matundu sita ya kufungia diski ya breki, akatoboa sproketi yangu matundu sita, tukaifunga kwa bolti. Haikufunguka tena. Lakini mota iliendelea kuchemka.

Mtu atasema: si uweke sproketi kubwa kushoto, ya meno 44? Inawezekana, utapanda vizuri sana. Lakini kwenye tambarare utakuwa unakwenda kilomita 7 na nusu kwa saa, watoto wa shule wanakupita.

Jibu lilikuwa mbele ya miguu yangu. Kinga za mlimani zilizotumika, zinazoshuka kwenye mabalo (marobota ya mitumba), nyingi zina sproketi tatu kwenye pedeli: meno 44, 32 na 22. Nikaning'iniza mota chini ya bomba la mbele la fremu, karibu na pedeli, na mnyororo wake ukaenda kwenye ile ya 44. Mizunguko 300 ikapungua hadi 61, ambayo ndiyo kasi ya mguu wa mtu anayekanyaga bila haraka. Kutoka pale, sproketi ya 32 inapeleka nguvu nyuma kwenye gia za kawaida za kinga, meno 14 hadi 28. Ile ya 22 nimeiacha bila kazi.

Kwenye gia ya 28 nakwenda karibu kilomita 9 kwa saa na gurudumu linavuta kilo 14, mota ikiwa ndani ya uwezo wake. Kwenye gia ya 14 nakwenda 17. Mota ileile na betri zilezile. Siku ya kwanza nilipofika juu na beseni, nilishuka nikaweka kiganja kwenye mota. Ilikuwa ya joto kama kikombe cha chai, siyo kama pasi. Nilikaa pale nimeishika kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Wenzetu wa Goma watakwambia mota ya gurudumu inatosha, na kwao naamini. Katikati ya mji wao hakuna vilima kama vyetu, tatizo lao ni mawe ya volkano. Usichukue ushauri wa tambarare ukaja nao Bukavu.

Sasa mambo madogo yatakayokula muda wako. Mnyororo wa mota lazima uwe ule mpana wa kinga ya zamani isiyo na gia, kwa sababu meno ya ile sproketi ya 9 ni manene, mnyororo mwembamba haukai. Wa nyuma uwe mwembamba, wa gia. Meno 9 ni machache, kwa hiyo mnyororo ukipinda hata kidogo unaruka: weka ubao ulionyooka ubavuni mwa sproketi zote mbili, ukiona mwanga unapita katikati, legeza bolti urudie. Bamba la mota litoboe matundu marefu, siyo ya duara, ili uweze kuvuta mnyororo ukilegea. Fremu usiichomelee. Bomba zake ni nyembamba, moto wa kuchomelea unazidhoofisha, na zitakatika ukiwa unashuka. Mimi nilifunga kwa yubolti (bolti zenye umbo la U) na vipande vya tairi la ndani katikati. Chini ya mota nikaweka bamba la bati zito, maana mawe ya barabara zetu unayajua. Mota ikizunguka kinyume, badilisha nyaya zake mbili tu, za brashi hazina siri.

Ukitaka kubadilisha gia, achia eksereta (kishikio cha kuongeza mwendo) kwanza, kanyaga nusu mzunguko, badilisha, halafu ongeza. Mimi niliwahi kubadilisha huku mota inavuta, pini ya mnyororo ikatoka, beseni likapinduka. Sambaza wa asubuhi ile waliliwa na paka na bata wa mtaa mzima, na nyumbani sikuongeleshwa hadi jioni.

Pedeli nazo. Kwa jinsi nilivyoeleza, mota ikizunguka pedeli zinazunguka nayo, upende usipende. Miezi mitatu nilivumilia hivyo. Siku moja kwenye matope nikashusha mguu kujizuia, pedeli ikanifuata nyuma ya goti. Kuna kranki (mikono ya pedeli) zenye friwili katikati, zinazoacha pedeli zitulie mota inapovuta, na nilimtuma mtu anayeleta bidhaa kupitia Kampala. Omba ile iliyotengenezwa kwa ajili ya mbele. Ya nyuma inakamata upande wa kinyume, utarudi palepale pa sproketi ya kushoto. Ukikosa, basi weka angalau breki zenye swichi inayokata mota ukizigusa tu. Hiyo swichi iwepo hata ukiwa na friwili.

Kuhusu betri, umeuliza "itaenda kilomita ngapi". Bukavu hiyo siyo hesabu. Hesabu kupanda. Kwa uzito wangu, kila mita 100 za kwenda juu zinakula kama wati-saa 55. Nilianza na betri tatu za risasi, za volti 12 na ampea-saa 12 kila moja, zimeunganishwa mfululizo. Kwenye karatasi ni wati-saa 432, lakini ukizivuta ampea 15 kwa mara moja zinakupa nusu hivi. Kwa hiyo panda mara nne ya mita 100, basi. Tena usizimalize kabisa, zitakufa ndani ya miezi.

Sasa natumia seli za lithiamu, kumi mfululizo, zilizotoka kwenye kompyuta mbovu, na bodi yake ndogo ya umeme ya kulinda seli. Zikijaa zinasoma volti 42. Sikushauri uanze nazo. Kila seli niliipima moja moja, iliyokuwa chini ya volti 2.5 nikaitupa, iliyochemka wakati wa kuchaji nikaitupa pia. Zaidi ya nusu zilikwenda. Waya unaotoka betri una fyuzi ya ampea 30, iliyo karibu kabisa na betri, siyo karibu na kontrola (kisanduku kinachoongoza umeme wa mota). Na sichaji usiku watu wamelala. Najua umeme wenyewe mara nyingi unarudi saa sita usiku, kishawishi ni kikubwa. Lakini nyumba zetu za mbao Kadutu sote tumeona moto unavyotembea kutoka kwa jirani hadi kwa jirani. Umeme ukirudi usiku, mimi nauacha. Nachaji mchana kwa fundi wa simu mwenye sola, namlipa kidogo.

Mvua: nyaya zinazoingia kwenye kontrola zipinde kwanza chini kabla ya kupanda, ili maji yadondoke pale kwenye kona. Kontrola yangu ya kwanza ilikufa mwezi wa kumi na moja kwa kukosa sentimita tano za kupinda.

Na breki. Kinga yenye kilo 120 juu ya mteremko ule haikumbuki kwamba wewe ni mtu mwema. Zile breki za vyuma za kinga ya zamani, mvua ikinyesha, ni mapambo. Weka diski mbele kabla hata hujanunua mota, na usishuke umeshika breki moja tu njia nzima.

Kwa hiyo ile ya wati 1000 usinunue. Itakula betri yako haraka na bado itakuwa na gia moja. Hiyo ya gurudumu uliyo nayo iuze kwa mtu wa tambarare, ingali nzima. Halafu pima kilima chako kwa mpira wa maji, jipime na mzigo wako, hesabu meno yaliyo kwenye pedeli yako na gia zako za nyuma, uniandikie namba hizo hapahapa. Kama sproketi yako kubwa ya mbele ni 42 badala ya 44 usihangaike, inafaa. Kama ni kinga ya sproketi moja tu, niambie kabla hujatoboa kitu, tutafute njia nyingine.

Aksanti, na poleni wote mliosubiri jibu refu hivi, leo umeme ulichelewa kurudi.